Ngano ya Kale na Mkono wa Fundi Magodoro

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu anaolewa Jumamosi. Mkate wa meza kuu ataoka Mwokaji, mume mpya wa mama yake. Mimi, baba mzazi, nimeombwa viti. Viti! Nikauliza vingapi, kwa sauti ya mtu asiyeumia. Akasema, baba, vyovyote utakavyopata, usijisumbue. Nimejisumbua mpaka sasa.

Jumanne, 4 Juni
Muuza nafaka ana ngano ya kale, aina iliyolimwa tangu kabla bibi wa bibi zetu hawajazaliwa. Punje nyembamba, kahawia, ganda limezing'ang'ania kama shemeji aliyekuja kusalimia. Anasema mkate wake hunukia karanga za kukaanga. Nikamwona akilini Mwokaji na unga wake mweupe wa kila siku, kinywa wazi. Nikabeba mfuko mzima. Muuzaji amenisagia mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Mtalaka wangu amesikia kwamba nitaoka mkate wa harusi. Alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Eti mimi hata chai naiunguza. Nikamwambia mikono iliyopiga pamba ya magodoro maisha yote haitashindwa na donge la unga. Mara simu ikachukuliwa na Mwokaji mwenyewe! Sauti laini kama siagi. Akasema, kaka, ngano hiyo haivutiki kama hii yetu. Ikande kidogo tu, taratibu, kisha iache. Ukiizidishia inalegea yote.
Ahaa. Yaani anipe siri bure? Mimi mtoto? Nitakanda maradufu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekanda asubuhi nzima. Nimeipiga kama pamba ya kitanda cha watu wawili wanene. Ilianza donge, ikawa uji wa kunata. Nikaongeza kipigo. Imetoka tanurini bapa, ngumu, pana. Fundi mwenzangu akaigonga kwa kidole, akauliza foronya yake iko wapi.

Jumamosi, 8 Juni
Niliuficha mkate chini ya viti. Binti akauona. Hakucheka; heri angecheka. Akanishika mkono, akasema, baba, si ungeniambia tu kwamba vile viti vimekuuma? Nikapangusa kiti kilichokuwa safi, nikasema kina vumbi.
Mwokaji akauchukua. Akaukatakata vipande vidogo, akavikaanga kwa siagi na kitunguu saumu, akavimwaga juu ya supu. Wageni walikwangua bakuli! Akasimama akatangaza kwamba mkate ule ni wa baba wa bibi harusi. Makofi. Nikainuka kuyapokea. Binti akaja mbio, akanipita, akamkumbatia yeye. Akamwita baba.

Jumapili, 9 Juni
Nimerudisha viti peke yangu. Njiani nimepiga hesabu zangu na jambo liko wazi: sikukanda vya kutosha. Nilichoka mapema, basi.
Mjukuu akizaliwa watanijua. Nimepitia kwa muuza nafaka, mfuko wa pili wa ngano uko uvunguni, na fimbo ya kupigia pamba nimekwisha kuiosha kwa sabuni.