Kisanduku cha Kijani cha Kaimenyi

Kaimenyi aliposikia wafugaji wa Gakoromone wakilia na wezi wa ng'ombe, alimwonea huruma mtu mmoja tu: yeye mwenyewe, kwa kuchelewa kufika na kitu cha kuwauzia. Kesho yake alirudi sokoni, akasimamisha simu juu ya kigoda cha miguu mitatu. Kando yake aliegesha pikipiki yake nyekundu, mali pekee aliyowahi kuipata kwa jasho la kweli.

"Hii ni hesabu, wazee wangu," alisema. "Kompyuta inapima umbo la ng'ombe: pembe, mgongo, mwendo. Ikishamshika haimwachi. Mwizi ampeleke hata Kiambere, wewe unamwona tu."

Kwenye kioo cha simu, kisanduku cha kijani kilimzunguka fahali aliyekuwa akipita, kikamfuata hatua kwa hatua. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Hiyo ya kumwona hadi Kiambere ndiyo aliyoiongeza Kaimenyi. Wazee wakaanza kupapasa mifuko.

"Ngoja kwanza," alisema Gatakaa, muuza ndizi mwenye uso wa mama wa kanisa. "Huku kwetu ng'ombe hanunuliwi kabla hajakamuliwa mbele ya mnunuzi. Hiyo mashine pia ikamuliwe. Mpwa wangu Mithika aichukue hiyo pikipiki yako aende nayo mbali, halafu utuambie iko wapi."

Kaimenyi akikataa, biashara imekufa. Akatoa ufunguo, roho ikimuuma.

Kisanduku kiliifuata pikipiki kwa uaminifu mpaka ilipopita nyuma ya lori la kabichi. Kikatetemeka kidogo, kikahamia kwenye mkokoteni, kikatulia. Kaimenyi akaikumbatia simu kifuani, mtu mwingine asije akaona.

Jua lilipanda, likaanza kushuka. Mithika hakurudi.

"Sasa iko wapi?" aliuliza mzee Kiogora, ambaye alikuwa ameibiwa ng'ombe wawili.

Kaimenyi alikuwa karibu kulia. Lakini aseme hajui, mbele ya wateja? "Karurumo," alisema, jina la kwanza lililomjia. "Imeegeshwa nje ya hoteli. Kijana anakunywa chai."

Umati ukapiga makofi. Kiogora akamchangia nauli. "Kimbia ukailete. Ukirudi nayo, tunanunua sote."

Kaimenyi alishukuru, akaenda stendi, akapanda gari la kwenda mji wa Maua, upande mwingine kabisa. Hakujua pikipiki iko wapi, ila alijua kwa hakika haiko Karurumo, maana Karurumo aliitunga mwenyewe.

Nyuma ya mikungu ya ndizi, Gatakaa alipiga simu. "Mithika, uko wapi?"

"Niko Karurumo, anti. Nimepaki nje ya hoteli, nakunywa chai kidogo. Mnunuzi wa pikipiki anakuja saa hii."

"Weka kikombe chini," Gatakaa alinong'ona. "Acha pikipiki hapo hapo, na ufunguo wake, urudi kwa gari. Huyo mtu anakuona."

Jioni ile pikipiki nyekundu ilisimama Karurumo bila mwenyewe, na Kaimenyi alikuwa Maua, akiulizia kila kona.