Pijo ya Sista Chepkemboi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejiingiza matatani mwenyewe. Asubuhi Sista Chepkemboi ameleta Pijo 504 ya marehemu mumewe, mzee Kipkemoi, kwenye kibanda changu cha kushona viti hapa Chepilat. Ya mwaka 1979. Nje inang'aa. Ndani ni msiba. Viti vya ngozi ya kahawia vimepasuka, kitambaa cha dari kinamgusa dereva kichwani. Anataka iwe kama siku waliyoinunua. Jumamosi ni maombi ya kumkumbuka mzee, na lazima aende kanisani nayo.

Sista alikuwa nesi wa zahanati yetu miaka thelathini. Alitudunga sindano sisi sote. Nikiwa darasa la pili nilitoroka kupitia dirishani, akanidaka kaptula nikiwa hewani. Sasa nina miaka arobaini na tatu, na akiita "Makori" paja langu la kushoto bado linakaza lenyewe.

Akaniuliza kama nimewahi kutengeneza gari la aina hii. Mimi ni mtu wa viti vya matatu na makochi. Ningesema hivyo. Lakini Gordon Opondo, fundi wa ng'ambo ya barabara, alikuwa mlangoni kwake akisikiliza, chini ya ile picha ya Volkswagen aliyomrekebishia meneja wa shamba la majani chai. Nikasema nimetengeneza mengi sana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeng'oa kiti cha nyuma. Kiota cha panya! Mama na watoto saba, uchi, wekundu. Nilijikuta barabarani sijui nimefikaje. Bodaboda nusura inigonge. Mke wangu Nyabate ndiye aliyewatoa, kwa sepetu.

Ngozi ya kile kiti ilinuka mkojo wa panya. Nikaogopa magonjwa. Nikaichoma nyuma ya kibanda, yote. Moshi mweusi, Gordon akikohoa kule kwake. Nyabate akasema nimpe Gordon sehemu ya kazi, yeye anajua magari ya zamani. Nikamwambia hajui biashara.

Jumatano, 6 Agosti

Sista amekuja bila kupiga simu. Nilimwona akikata kona nikapiga magoti nyuma ya cherehani, lakini miguu yangu ilionekana. Akaniambia niinuke.

Akasimama kando ya gari. Kisha akasimulia kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo ilinitia baridi. Mwaka 1981, wakiwa njiani kwenda hospitali, gari lilikwama kwenye matope kabla ya Silibwet. Kipkemoi akasukuma. Yeye akajizalisha mwenyewe kwenye kiti cha nyuma. Mtoto wa kwanza, Maxine. Maxine anakuja Jumamosi kutoka Nairobi, na atakalia palepale.

"Hizo zingine ufanye vile unajua," akasema. "Lakini hiyo ngozi ya nyuma usibadilishe. Shona tu mahali imepasuka."

Nikasema iko salama. Nimeifungia ndani.

Alipoondoka nilienda kutazama jivu. Hata kifungo hakikubaki.

Saa kumi nikapata wazo. Kochi letu la sebuleni ni la ngozi ya kahawia! Nyabate alikuwa sokoni. Nimelichuna kama mbuzi. Nimeloweka ngozi kwenye karai la chai ya rangi, nzito, ili izeeke miaka arobaini kwa masaa mawili. Imezeeka vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nyabate ameona kochi. Ameniwekea ugali sakafuni, mbele ya zile spring, akatoka nje. Angepiga kelele ningelala.

Kiti cha nyuma kimekaa. Viti vya mbele pia nimevishona. Imebaki dari. Gundi yangu imekauka kwenye mkebe kama jiwe. Gordon anayo, lakini kumwomba Gordon ni kumpa picha nyingine ya kutundika. Nimechemsha gundi ya unga wa ngano, kama ile mama alibandikia magazeti ukutani. Kitambaa kimeshika! Cheupe, laini. Nimeacha milango wazi kikauke kesho kabla ya mvua ya alasiri.

Ijumaa, 8 Agosti

Ng'ombe wa Nyamwange, jirani, amekula dari.

Nilienda kunywa chai dakika kumi. Nilirudi nikakuta matako ya ng'ombe nje ya gari, kichwa ndani, akitafuna polepole. Nikapiga mayowe, akashtuka, akavuta na kipande kilichobaki. Pembe zikanasa kwenye usukani. Niliwaza ngozi ya nyuma, niliwaza Sista, nikakaa chini kwenye nyasi.

Gordon akavuka barabara. Hakucheka. Akamshika ng'ombe sikio, akamtoa taratibu. Akaleta kitambaa chake na gundi yake. Akasema atanisaidia, ila nimwambie Sista ukweli kuhusu ile ngozi niliyoichoma, maana moshi wake ulimfikia. Nikakubali. Ningekubali chochote. Ameivuta dari ikanyooka bila kunyanzi moja. Mimi nilishika mkasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Walifika saa mbili. Sista amevaa gauni la bluu, Maxine nyuma yake, mwanamke mkubwa, mpole. Gordon alisimama karibu yangu. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Sista akapitisha kiganja kwenye kiti cha nyuma. Akakirudisha. Akainama akanusa.

"Makori. Hii si ngozi yangu. Hii ni kochi yako. Na hii alama ya pasi niliikalia, siku nilikuja kuona mtoto wenu."

Nikasema nilichoma ile yake. Sauti ilitoka nyembamba. Akafunga macho. Nilihesabu njia za kukimbilia, zote mbili. Kisha Maxine akaingia akaketi, akamwambia mama yake panatosha, waende. Sista akamtazama bintiye pale kwenye kiti kwa muda, akafuta jicho. Akaniambia kochi la Nyabate lirudi lilivyokuwa kabla hajanilipa hata shilingi. Nikaitikia kama mtoto.

Akatazama juu. Uso ukalainika. Akasema dari ni kama ile ya kwanza kabisa, na akauliza nani ameifanya.

Gordon aliniachia mimi nijibu. Sista alinikazia macho. Paja likakaza.

Nikasema ni mimi.

Gordon akafuta mikono yake, akavuka barabara.

Jumapili, 10 Agosti

Gordon hajibu salamu. Nyabate ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwangu.

Mchana simu imelia. Mzee mmoja wa Sigowet ameiona dari kanisani. Ana Mercedes ya 1972, ndani imeoza. Anataka kazi ya fundi yuleyule. Sauti yake ni nzito, ya mtu aliyezoea kufoka. Nimemwambia alete.

Anasema dari yake ilikuwa ya kijivu. Nimekaa nikitazama mapazia ya sebuleni. Ni ya kijivu, mazito, hayajafika hata mwaka. Jumanne Nyabate anakwenda sokoni.