Redio Haina Hatia

Jumatatu, 4 Agosti

Gari limekataa kuwaka tena. Nimezungusha ufunguo, likalia tik, kisha kimya. Na betri ni mpya! Majirani hapa Mundika wamesukuma mpaka siku hizi wakiniona nimeshika ufunguo wanaingia nyumbani.

Jumamosi ni harusi ya Brendah, shemeji yangu wa mwisho, kule Malaba. Nilijitolea mbele ya ukoo mzima kumbeba mama mkwe kwenda kanisani. Nilisema haraka, kabla Oundo hajafungua mdomo. Oundo ni mwanyumba wangu, kaoa dada ya mke wangu, na gari lake huwaka kwa kubonyeza kidude. Nikishindwa atambeba yeye, nami nitakula pilau upande wa watoto.

Jumanne, 5 Agosti

Mke wangu Apeduno aliingia garini asubuhi kutafuta leso yake. Akasema redio ina joto, na hakuna aliyeiwasha tangu jana. Nikamwomba kwa upole aniachie mambo ya umeme. Redio ile niliifunga mwenyewe, waya moja kwa moja kutoka kwa betri, nisikilize mpira bila ufunguo. Mafundi walitaka waipitishe kwenye swichi. Wivu tu.

Ninayemshuku ni taa ya buti. Huenda inawaka usiku kucha na hakuna anayeiona. Utajuaje kama inazima buti likifungwa? Nikaingia ndani, nikajifungia. Ilizima vizuri.

Buti halifunguki kutoka ndani. Apeduno alikuwa ameenda sokoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Mgongo bado unauma. Nimemwita fundi Ojakol. Alichomoa waya mmoja wa betri, akaweka mita katikati, akawa anatoa fyuzi moja moja ili aone umeme unapotelea wapi. Fyuzi zote zikaisha, mita haikushuka. Akauliza kama kuna waya nimeongeza mwenyewe. Nikasema hakuna. Fundi haambiwi kila kitu, atajiona mkubwa.

Nikamwamuru abadilishe alternata, ile mashine inayochaji betri. Alibadilisha akitikisa kichwa. Watu hawapendi kuona mteja anayejua.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefika Malaba salama, tunalala kwa mama mkwe. Apeduno alishauri nilegeze waya wa betri mpaka asubuhi. Nikamweleza kwamba redio itasahau stesheni zote nilizohifadhi. Akaenda kulala.

Oundo naye amefika. Ameegesha karibu na langu makusudi.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu. Aibu kubwa.

Mama mkwe alikuwa ameshaketi nyuma, gauni lake la gomesi limemkaa, mkoba mapajani. Sisi Wateso mama mkwe humheshimu mpaka macho unayashusha, kwa hiyo hata kioo sikukitazama. Nikazungusha ufunguo. Tik.

Oundo akaja dirishani kuuliza kama nahitaji msaada. Nikasema gari linapumua. Nikakimbia barabarani kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, nikamshawishi dereva mmoja, Okiria, anipe umeme wa lori lake kwa nyaya. Akauliza, boss, hiyo yako si ni volti kumi na mbili? Hii yangu ni ishirini na nne, itachoma vitu. Nikamwambia mgonjwa hukataa uji lini, aunganishe tu. Akasema baadaye nisimtafute.

Injini ilizunguka mara moja kwa kishindo. Taa zikapasuka mbele, zikapasuka nyuma, na redio ikatoa moshi. Kisha kimya. Nilitamani kulia.

Nikasikia mlango wa nyuma. Mama mkwe ameshuka, amevua viatu, amekunja mikono ya gomesi. Nikamsihi asifanye hivyo. Akasema harusi ya mtoto wake haingoji betri ya mtu, akaanza kusukuma. Mama mkwe wangu, mbele ya foleni nzima! Oundo akasukuma naye, huku mkono mmoja unapiga video.

Gari likawaka. Mama mkwe akavaa viatu, akanishukuru, akaingia kwa Oundo.

Pilau ya watoto haina nyama.

Jumatatu, 11 Agosti

Maajabu. Tangu harusi gari linawaka kila asubuhi bila kusukumwa. Ni ile alternata. Nimewaambia majirani wote nilivyogundua ugonjwa. Apeduno anasema limepona kwa sababu redio imekufa. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Leo nimenunua redio nyingine, kubwa zaidi, yenye spika ya mdundo. Nimeifunga mwenyewe, moja kwa moja kwa betri, safari hii kwa waya mnene.

Mama mkwe anakuja Jumapili. Nimeahidi kumfuata Malaba.

Jumanne, 12 Agosti

Tik.

Betri ni mpya, alternata ni mpya, redio ni mpya. Kwa hiyo kilichobaki ni kimoja tu, na nilikidharau mapema mno. Naandika haya kwa tochi ya simu. Taa ya buti inazima vizuri.

Apeduno ameenda sokoni.