Malalamiko Dhidi ya Bunduki Isiyopiga Kelele

Wilibrodi Kalisti,
Njia ya Matai, Kalambo,
Mkoa wa Rukwa.
14 Machi.

Mhariri,
Jarida la Mtutu na Mawindo.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA UTENGENEZAJI WA BUNDUKI ZA KISASA

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Ufipa, ambako mahindi mwaka huu yamebeba vizuri na nyani wamelijua hilo kabla yetu.

Mimi ni mlinzi wa mashamba wa kitongoji hiki kwa miaka thelathini na moja, mwenye kibali halali cha gobole. Gobole langu linaitwa Coleta, jina la marehemu mama mkwe wangu, ambaye alizungumza mara chache, lakini akizungumza kijiji kizima kilisikia. Mtutu wake aliutoa baba yangu, aliyekuwa mhunzi, kwenye bomba la usukani wa Landrova iliyokufa. Kitako ni cha mninga. Katika muda wote huo Coleta ameua nguruwe pori wanne na punda mmoja. Mwenye punda nilishamwomba radhi.

Mwezi uliopita jirani yangu Limbu, mfugaji aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alirudi kutoka Sumbawanga na bunduki mpya, kibali chake, na toleo la jarida lako. Nimesoma makala yenu juu ya mitindo mipya ya bunduki mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mnaeleza kwa furaha kwamba viwanda vyote sasa vinashindana kutengeneza bunduki nyepesi, fupi na zisizo na sauti. Mimi sikufurahi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Plastiki. Limbu alipoitoa bunduki yake kwenye mfuko, mke wangu Silvana aliitazama, akaniuliza, "Baba Loth, hii si ile pampu ya kupulizia dawa mahindi?" Hakuwa anatania. Bunduki inayofanana na pampu haiwezi kumtisha mtu, na nyani kwa akili hana tofauti na mtu.

2. Uzito. Ina uzito wa kuku. Sina la kuongeza.

3. Kompyuta. Mmeandika kwamba mitutu inachongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, na zote zinatoka zikifanana kama mayai. Je, fundi ni nani? Coleta akigoma, najua wa kumlaumu ni baba yangu, na nimekuwa nikimlaumu tangu tumzike. Bunduki ya Limbu ikigoma, atamlaumu nani? Ingawa, kusema kweli, mpaka leo haijagoma.

4. Kizuia sauti. Hili ndilo lililonikosesha hamu ya kula. Coleta akilia, watu wa kitongoji kizima wanajua nguruwe yuko shambani. Wanakuja na mbwa, mikuki na visu, na kila nyumba inaondoka na nyama. Lakini wiki iliyopita Limbu alipiga nguruwe saa tisa alasiri, nasi hatukusikia hata kikohozi. Tulijulishwa na harufu ya kitoweo. Nilipofika, Limbu alinikaribisha vizuri sana, akaniambia, "Karibu mzee, umebaki mchuzi." Ndugu Mhariri, hivyo ndivyo uchoyo unavyoingia katika jamii: unaanzia kwenye ncha ya mtutu.

5. Darubini ya umeme. Jumanne mchana nyani waliingia kwenye ulezi wangu. Nikamwita Limbu, kwa ajili ya kulinganisha tu. Alielekeza bunduki, akaganda. "Piga!" nikamwambia. "Subiri, mzee," akasema, "inaapdeti." Nikaona nafasi ya Coleta imefika. Kumshindilia baruti huchukua muda wa kusali fungu moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, nami nilisali bila haraka. Nilipofyatua, alisema "chi" akanyamaza, kwa sababu ya unyevu, jambo ambalo si kosa lake. Wakati huo darubini ilikuwa imemaliza mambo yake. Limbu akaniambia nichungulie. Nilimwona nyani dume karibu kama ninavyoiona karatasi hii, akitafuna ulezi wangu taratibu, kwa uso uleule wa kaka yangu Wiliam anapokuja kutembea wakati wa mavuno. Nikashindwa kumchukia. Limbu hakushindwa. Alipiga udongo mbele ya miguu ya nyani yule, na kundi zima likakimbilia milimani. Hawajarudi.

Kwa hiyo naomba viwanda vyote viambiwe vifunge mashine hizo na kuwatuma wataalamu wao huku Ufipa, ambako mababu zetu walifua chuma kabla kompyuta haijazaliwa. Nitawafundisha mwenyewe. Walale kwangu, Silvana ameridhia, mradi waje na blanketi, maana baridi yetu haina utani.

Tena naomba magobole wasipewe wawindaji peke yao. Majeshi yote ya dunia yapewe. Fikiria, Ndugu Mhariri: askari anafyatua mara moja, kisha anashindilia baruti, na yule wa upande wa pili naye anashindilia. Muda huo watu wanaulizana habari za nyumbani. Mvua ikinyesha, vita vinaahirishwa, na kwetu mvua inaanza Novemba hadi Aprili. Hiyo tayari ni nusu mwaka ya amani, bila mkutano wala posho.

Nisalimie wachapaji wote, na yule aliyepiga picha ya ukurasa wa kumi na moja. Silvana anakusalimu. Limbu pia anakusalimu, ila hajui nimeandika nini.

Ni mimi, mlinzi wa mahindi ya wengi,
Wilibrodi Kalisti

N.B. Leo asubuhi, kabla sijaipeleka barua hii Matai, Limbu aliniruhusu nijaribu bunduki yake, yeye akiwa ameketi kando yangu. Nguruwe dume alikuwa katikati ya mahindi, mbali kama kutoka kanisani hadi shuleni. Nilipiga mara moja, nikiwa kitini, uji wangu ukiwa bado wa moto. Alianguka. Tafadhali niulizie kiwandani kama ile ya rangi ya kijani, ya picha ya ukurasa wa kumi na moja, bado inatengenezwa. Fomu ya kibali nimeshachukua polisi. Penye sababu ya kuomba silaha, Silvana aliniambia niandike "ulinzi wa mazao". Nimeandika "uzee".