Vita vya Gitaa la Meza Bomani kwa Aron arap Tuei

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa tisini na tano, saa ambayo watu wenye akili zao wako kwenye mizani wakipimiwa majani ya chai. Tueni vikapu, enyi wachumaji wa Sosiot! Nanyi mlioko Silibwet na kule chini Fort Ternan, tegeni masikio, msikie habari nzito ya Aron arap Tuei, Simba wa Ekari Moja na Nusu, Mjane wa Kiume, Mwiba wa Wenyeviti, ambaye darasa la tatu lilimshinda lakini mdomo haukuwahi kumshinda.

Siku hiyo jeshi liliingia bomani mwake. Mbele alitangulia Isaiah, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kanisa, suti ya kahawia, viatu vinang'aa, maana hata matope huogopa wakubwa. Akafuata Kogo Tecla, bibi kizee aliyetiwa kwenye kamati ili isisemwe kwamba wanawake wamesahauliwa. Nyuma kabisa alikuja Ooko, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, akisukuma mkokoteni aliokodiwa pamoja nao.

Walikuja kuteka gitaa.

Wala si gitaa la kuning'iniza shingoni. Hili lililala chali juu ya miguu minne kama meza ya kupigia pasi, nyuzi kumi juu, makanyagio matatu chini. Mpigaji huketi mbele yake, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku akikanyaga, nalo likalia kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Mpigaji alikuwa Chepkurui, mke wa Aron, ambaye sasa yuko chini ya udongo. Kanyagio la kushoto lilikuwa limelika pale kidole chake gumba kilipozoea kukaa. Aron hakujua kupiga. Alikuwa akivua kiatu tu, akaweka mguu wake pale.

"Arap Tuei!" Isaiah akanguruma. "Klabu ya wazungu kule estate ilipofungwa, vitu vyote vilipewa ukumbi. Viti, sahani, na gitaa moja ya meza kutoka Amerika. Hiyo gitaa hatujawahi kuiona. Na wewe hapo sokoni umekuwa ukituambia nini miaka yote?"

Ole wa shujaa aliyechimbwa shimo na ulimi wake mwenyewe! Hakuna siku ya soko ambayo Aron hakutangaza kwamba gitaa lake lilivuka bahari, limeundwa na Wamarekani wenye kofia pana.

"Nilisema Amerika na bado nasema!" akajibu, kifua mbele. "Lakini mke wangu alipewa na memsahibu, mkono kwa mkono, kwa kazi yake ya jikoni kule klabu. Nyinyi viongozi mkiona kitu kwa maskini mnasema kimepotea kwenu! Mlikula barabara, mkakula dipu ya ng'ombe, sasa mnataka na gitaa?"

"Barabara haihusiki hapa, mzee."

"Inahusika! Kwani gari umeacha wapi, kama si kwenye matope?"

Kogo Tecla akacheka kwa pua.

"Shahidi yuko wapi?" Isaiah akasema. "Kama ni ya Amerika, ni ya klabu. Kama ni ya klabu, ni yetu. Kuna mtu wa Nakuru anaitaka, na sisi tunataka spika za ukumbi. Ooko, leta mkokoteni."

Ndipo Aron alipoapa kwamba chini ya tumbo la gitaa kuna mhuri wa Amerika na jina la memsahibu. Akalikumbatia gitaa, adui asiyepumua, akalinyanyua, akalipindua. Mguu mmoja ukachomoka ukamwangukia kwenye kidole, naye akapiga ukelele uliotawanya kuku hadi kwenye majani chai ya jirani. Gitaa likalala kifudifudi. Wote wakainama.

Amerika ilikuwa na spoki za baiskeli. Amerika ilikuwa na mbao za sanduku la kupakia chai, na ukingo wake wa bati.

"Kumbe Amerika wanalima chai?" akauliza Kogo Tecla.

Ooko akakohoa. "Mzee Aron, usinikasirikie. Hiyo kitu ni mkono yangu. Mama Chepkurui aliona ile ya klabu akaipenda sana, akaniambia, Ooko, nitengenezee. Nikaitengeneza kwa karakana, saa ya chakula."

Aron akaona Amerika yake ikiporomoka yote, na nyuma ya vumbi akaona mlango.

"Umesikia, mwenyekiti? Si ya klabu!"

"Ooko ni rafiki yako," Isaiah akasema. "Labda alirekebisha chini tu. Juu ni ya Amerika."

"Nilianza na mbao tupu," Ooko akasema. "Na kabla nifunge, mama alitia moshi ndani, juu mpaka chini, ati wadudu wasikule. Nikamwambia hii si kibuyu. Akanifukuza na kijinga cha moto!"

Aron akachechemea jikoni. Ukutani palining'inia sosiot ya mkewe, ule ufito wa kusugulia vibuyu vya maziwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Hakuna aliyeigusa tangu ilipooshwa nyeupe siku ya mazishi. Akaichomoa kama upanga, akaipenyeza ndani ya gitaa, akasugua kona zote, hadi chini ya ubao wa juu wenyewe. Ikatoka nyeusi.

Kogo Tecla akanusa. Akagusa kwa kidole, akalamba.

"Senetwet," akahukumu. "Na amesugua kuliko binti zenu wa siku hizi. Isaiah, hapa ndani hakujawahi kuingia mzungu."

"Basi ni takataka za kiwanda," mwenyekiti akasema kwa kinyaa. "Nakuru hawawezi kununua hii."

"Rudia! Rudia wasikie!"

"Ni takataka, Arap Tuei. Kaa nayo."

Na iandikwe katika tarehe za nchi hii kwamba siku hiyo kamati iliingia kwa maskini ikatoka mikono mitupu, mkokoteni ukilialia mtupu njia nzima; na Aron, Mshindi wa Sosiot, akasimama kwa mguu mmoja kando ya takataka yake yenye miguu mitatu, akiwa amepokonywa Amerika yote, hana la kudai zaidi.

Lakini Ooko alipofika langoni, shujaa alimshika mkono.

"Ulinisikia kila siku ya soko na Amerika yangu, ukanyamaza?"

"Mama alinikataza."

"Siku ililetwa nilimuuliza, hii imetoka Amerika? Akaniangalia, akasema ee. Wewe ulikuwa hapo, Ooko. Kwa nini alisema ee?"