Ombi la Kumfungia Mama Mkwe Wangu Kucheza Tenisi ya Meza

Kwa Katibu,
Klabu ya Michezo ya Mtaa.

Ndugu Katibu,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na ukiwa umekaa. Mimi naandika nimesimama, kwa sababu kiti changu cha kazi siku hizi ni cha mwamuzi.

Mimi ni yule fundi cherehani wa nyumba ya kona, niliyewashonea jezi za bluu mwaka jana. Sijawahi kugombana na klabu yako. Hata mchezaji wenu mmoja alipokuja kulalamika kuwa bukta inambana, kumbe kaivaa nyuma mbele, nilimgeuza kwa upole na sikumwambia mtu. Lakini sasa yamenifika shingoni, na ninaomba unisikilize.

Mama mkwe wangu ana umri wa miaka sitini na saba. Ni mkunga mstaafu. Alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, na kwa miezi kumi na moja alikaa kwenye kiti kando ya dirisha la chumba changu cha kazi, akila nusu sahani na kujibu "ndiyo" au "hapana" basi. Daktari alituambia presha iko juu, magoti yamekaza, na kwamba asipoutikisa mwili hatutakaa naye sana. Mke wangu akamsihi awe anatembea asubuhi. Mama akasema amezunguka wodini miaka thelathini na mitano, sasa ni zamu ya wengine kutembea.

Alhamisi moja nilikuja ukumbini kwenu kuwapima wachezaji, nikaja na Mama ili asibaki peke yake. Nikiwa nimepiga magoti, pini mdomoni, nikamwona yule dereva mstaafu mnayemwita Mzee Kofia akimpa raketi ili kumchangamsha. Alimfunga kumi na moja kwa sifuri. Kisha, Ndugu Katibu, akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo Mama akaniuliza, "Yule mzee anafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu msiba. Kwa furaha nikaropoka kwamba siku akimshinda, nitamshonea suti ya michezo. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri. Yaliyofuata yote ni makosa ya klabu yako, nami nayataja kwa mpangilio.

1. Meza yangu ya kukatia nguo. Ni meza ndefu, imara, ya mbao ngumu, na imenilisha miaka kumi na minane. Siku ya pili yake nilirudi kutoka kununua vifungo nikakuta Mama ameipima kwa futi yangu mwenyewe, ameifuta, ameichora mistari kwa chaki yangu mwenyewe, na katikati amefunga wavu. Wavu wenyewe ulikuwa bitana ya koti la mteja. Nilipouliza kwa adabu nitakatia wapi, nikaambiwa niwe nakata mchana, yeye akiwa amepumzika.

2. Suruali ya mwalimu mkuu. Nililazimika kuikata haraka kabla Mama hajaamka usingizi wa mchana, na katika ile haraka nikafuata mstari wa kiwanja nikidhani ni mstari wa mguu. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya kioo akitazama mguu mmoja, halafu wa pili, akaniuliza kama hiyo ndiyo mitindo mipya. Nikasema ndiyo. Ameivaa gwarideni. Sasa walimu wawili wa shule hiyo wameleta vitambaa wakitaka kama ile ya mkuu, na mimi sikumbuki niliikataje.

3. Mwili wangu. Mchezaji hawezi kufanya mazoezi na ukuta peke yake, na mke wangu huondoka mapema kwenda kazini. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi naitwa. Kwanza tunaruka kamba uani: yeye mia, mimi mpaka nianguke. Kisha tunachuchumaa. Kisha tunacheza. Nimekonda, Ndugu Katibu. Nilikuwa na tumbo la kuheshimika, tumbo ambalo mteja akiliona anajua kazi yangu inalipa. Juma lililopita mteja wa siku nyingi aliingia, akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata matatizo. Aliondoka na kitambaa chake.

4. Heshima ya ukweni. Hapa naomba uwe mwanamume mwenzangu. Mkwe hawezi kumpiga mama mkwe wake kipira cha nguvu. Mkono wenyewe unakataa. Mama analijua hilo vizuri, na analitumia. Mimi nampelekea mipira ya adabu, yeye ananirudishia mipira ambayo sijui niiite nini. Akishanifunga ananipa pole, tena kwa upendo, kama alivyokuwa akiwapa pole wanawake wa uchungu. Halafu wakati wa chakula anamsomea mke wangu matokeo. Mke wangu, ambaye aliapa kuwa upande wangu katika shida na raha, anapiga makofi.

5. Daktari. Mama alipokwenda kliniki mwezi uliopita, presha ilikuwa imeshuka, wakampunguzia dawa. Daktari akauliza amefanya nini. Mama akaeleza. Sasa daktari anawaelekeza wagonjwa nyumbani kwangu. Jumanne nilikuta watu wanne kwenye benchi, nikafurahi nikidhani ni wateja, nikampima wa kwanza kifua na kiuno. Alivumilia mpaka mwisho, ndipo akauliza kipimo cha presha ni lini.

6. Siku ya mechi ya marudiano. Hili ndilo zito, nami naliandika polepole.

Mama alimwita Mzee Kofia wacheze tena, seti tatu. Ukumbi ulijaa, wewe mwenyewe ulikuwepo. Seti ya kwanza Mzee Kofia alishinda akitabasamu. Ya pili Mama alishinda, na lile tabasamu likaisha. Ya tatu walifika kumi kwa kumi, jasho likimtiririka yule mzee mpaka akaivua kofia, na wengi wetu tukajua kwa mara ya kwanza kwamba hana hata unywele mmoja. Mama akachukua pointi mbili mfululizo, akampa mkono, akashukuru. Watu wakashangilia. Nilipogeuka kumtafuta nimpongeze, hakuwepo.

Nilimkuta nje kwenye ngazi, raketi mapajani. Nikakaa ngazi ya chini yake. Akaniambia, "Nilipopata ile ya mwisho niligeuka kumtazama Baba yenu, nione amefurahi vipi." Akaipangusa raketi kwa kanga. "Ningemsumbua kwa hii habari mwezi mzima."

Akalia. Miezi yote ile hatukuwa tumemwona akilia, hata siku ya mazishi. Mimi nami nililia, futi shingoni, hadharani, na wachezaji wa mpira wa wavu wakipita. Nalalamika rasmi kwamba klabu yako haina mahali pa faragha pa watu kulia. Mzee Kofia alitukuta hapo. Alituletea maji, akakaa ngazi ya chini yangu mpaka Mama alipomuuliza kama Jumamosi ana nafasi.

7. Suti ya michezo. Nilimshonea, nyekundu, yenye mistari miwili myeupe. Haivui. Sasa wagonjwa wote wa kliniki wanataka ya kwao.

Kwa sababu hizo, naiomba kamati yako ichague moja kati ya haya. Ama imfungie Mama kucheza maisha yake yote. Ama iweke kikomo cha umri kuwa miaka sitini na sita, bila kumtaja mtu jina. Ama imtangaze bingwa wa kudumu, ili asiwe na sababu ya kufanya mazoezi. Na iwapo hayo yote hayawezekani, basi apimwe kama anatumia dawa za kuongeza nguvu. Nyumbani anameza nusu kidonge cha presha tu, lakini mimi si mtaalamu.

Natanguliza shukrani. Nisalimie kamati yote, mtunza vifaa, na yule dada wa getini ambaye kila nikipita huniambia nimependeza kwa kukonda, ingawa sikumuuliza. Mke wangu anawasalimu. Mama naye angewasalimu, ila yuko uani anaruka kamba, na nikimkatiza anaanza kuhesabu upya.

Wako katika unyonge,
Fundi wa nyumba ya kona

N.B. Nakuomba barua hii usiisome mbele ya kamati kabla ya Jumamosi ijayo. Nimeambiwa leo kwamba Mama ametuandikisha kwenye mashindano ya wawili wawili, yeye na mimi, na kwamba tunaanza na yule mwenye duka la vyuma na mwanawe, watu wenye majivuno. Yule mwana anapokea vibaya upande wa kushoto. Nimekwenda kumtazama mara tatu. Na kamati ikiona ni lazima kumfungia Mama, basi itufungie wote wawili, tena kwa muda uleule. Mimi peke yangu saa kumi na mbili asubuhi nitacheza na nani?