Maziwa Yaliyopita Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimeajiriwa. Miaka sitini na moja duniani, arobaini kati yake udalali wa nyumba, na leo ndiyo mara ya kwanza kuvaa sare ya mtu. Keshia wa muda, saa tano asubuhi hadi saa tisa mchana. Sare inanibana kwapani. Msimamizi, binti mwenye umri wa kuwa mwanangu, aliniuliza kwa nini naitaka kazi hii. Nikamjibu kwamba napenda watu. Uongo mtupu.

Mwanangu wa pekee hununua vitu hapa kila Jumatano na Jumamosi, saa saba na nusu. Miaka miwili hajanisemesha. Simu zangu hapokei. Kwake sijawahi kwenda, maana hakunialika, na mtu mzima na heshima zake hagongi mlango hivihivi. Lakini keshia hakwepeki. Utampa vitu vyako, utamtazama usoni, utapokea risiti mkononi mwake. Nimeupanga mpango huu mwezi mzima.

Jumanne, 4 Machi
Niko kaunta ya kwanza. Kaunta ya pili ni ya mama mmoja wanayemwita Umeme. Anapitisha vitu hata hatazami, huku anamuuliza mteja hali ya wajukuu. Watu waliacha foleni yangu, isiyo na mtu, wakaenda kusimama sita nyuma yake. Sijapenda.

Kingine: bidhaa ikipita mara mbili kwenye mashine, keshia haruhusiwi kuifuta. Mashine inajifunga, unabonyeza kengele, unasubiri msimamizi aje na ufunguo wake. Leo nimemwita mara kumi na moja. Mara nane za kwanza aliniita mzee. Tatu za mwisho hakuniita kitu.

Jumatano, 5 Machi
Amekuja. Amekonda. Kanga ya mama yake ameifunga shingoni kama skafu.

Nilinyoosha mkono na kusema huku hakuna foleni. Alinitazama mara moja, sare na yote, kisha akaenda kusimama kwa Umeme nyuma ya mtu mwenye kikapu kilichojaa pomoni. Dakika kumi na mbili alinipa kisogo.

Niandike sababu, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mama yake aliugua wiki tatu. Mtoto alikuwa mbali, kwenye mitihani yake ya mwisho. Kila jioni alipiga simu, na kila jioni nilimwambia mama hajambo, amelala. Mitihani ilikuwa inaisha Ijumaa. Nilipanga kumwambia Ijumaa. Mama yake akafa Alhamisi. Alifika akakuta viatu vya watu vimejaa mlangoni.

Nilikuwa namkinga. Ndivyo nilivyozoea: nyumba ina ufa, mimi namwonyesha mteja dirisha.

Ijumaa, 7 Machi
Lazima Umeme atoke njiani. Asubuhi nilimwambia kwamba msimamizi ameagiza tubadilishane saa za kula kesho. Akaenda kumuuliza msimamizi. Nikaitwa ofisini. Nikasema labda sikusikia vizuri, masikio ya uzee.

Mchana nilimfichia karatasi za risiti ili aishiwe. Alikuwa na nyingine kwenye droo, na akanigawia mbili akidhani mimi ndiye niliyeishiwa. Mama huyu ananichosha.

Jumamosi, 8 Machi
Saa saba na dakika ishirini na tano Umeme aliinama kufunga kamba ya kiatu. Nikasimamisha kibao cha IMEFUNGWA kwenye kaunta yake. Foleni yake yote ikahamia kwangu, inanung'unika. Umeme alipokuja kuinua kichwa na kukiondoa, mwanangu alikuwa ameshaweka vitu vyake mbele yangu. Mchele, vitunguu, sabuni, maziwa.

Maziwa niliyapitisha mara mbili. Mashine ikajifunga. Nikabonyeza kengele, nikijua fika kwamba msimamizi yuko stoo anapokea mzigo. Waliokuwa nyuma walichoka, wakarudi kwa Umeme. Tukabaki wawili.

Wiki nzima nilikuwa na maneno tayari. Nikamuuliza kama ana kadi ya pointi. Nikamuuliza kama anahitaji mfuko. Akasema taratibu, baba, hayo maziwa umeyapitisha makusudi. Nikasema hizi mashine za siku hizi zina mambo. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Miaka miwili sijaiona hiyo. Karibu nipige magoti.

Kisha akaweka pochi chini, akasema ana swali moja tu, na amekuwa nalo kifuani tangu siku ile. Asubuhi ya mwisho, mama aliniulizia?

Aliulizia. Mara tatu. Mara ya tatu aliniomba nimpigie simu amsikie sauti, nikamwambia mtandao unasumbua, na simu iko mfukoni mwangu nzima.

Nilimtazama mtoto alivyokonda nikamwonea huruma. Nikasema hapana mwanangu, alikuwa amelala tu, hakuteseka.

Nilidhani nimemtua mzigo. Akasema, kwa hiyo hata hakunikumbuka. Nikafungua mdomo. Msimamizi akatokea na ufunguo wake. Mtoto akalipa, akaondoka, maziwa akayaacha.

Nililia stoo, nyuma ya katoni za unga. Umeme alinifuata, akaniuliza kulikoni, nikamweleza yote. Akasema nimkimbilie sasa hivi nikamwambie ukweli, anakaa mtaa wa nyuma tu, kaunta atanishikia yeye. Nikamshukuru. Nikamwambia mambo kama haya yanahitaji maandalizi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa onyo la maandishi kwa ajili ya kibao. Si kitu.

Jana kutwa nimewaza. Nikimwambia sasa kwamba mama yake alimuulizia, ataona namdanganya, na sitamlaumu. Kwa hiyo asiambiwe na mimi. Aambiwe na mama yake mwenyewe.

Marehemu alikuwa fundi cherehani na daftari lake la vipimo ninalo. Tangu alfajiri najifunza mwandiko wake. Mwanangu, nimekuulizia mara tatu. Kila neno ni la kweli kabisa. Kwenye neno mwanangu mkono ulinitetemeka hadi nikaweka kalamu chini, lakini imekaa vizuri, maana hata yeye mwishoni alikuwa anatetemeka. Nitasema barua hii niliiokota chini ya godoro.

Jumatano, saa saba na nusu, namtumbukizia kwenye mfuko pamoja na risiti. Safari hii sioni pa kuharibika.